Mackay: Barazani na Karakanani

Soma 1 Petro 3:15, 16.

Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland, alifika Buganda mwezi Novemba 1878. Kabaka Mutesa wa Kwanza alipenda kusikiliza mijadala ya dini. Mwaka uliofuata Padri Lourdel aliwasili, na barazani wakakutana Mprotestanti, Mkatoliki na Waislamu, huku wakuu wengi wakishikilia miungu ya jadi. Kila mmoja alitaka kumshinda mwenzake mbele ya mfalme, na Mackay naye hakuwa mpole. Mutesa kwa upande wake alikuwa akipima ni mgeni yupi angemfaa dhidi ya Misri, iliyomtishia kutoka kaskazini. Hoja zilikuwa nyingi, bali waliotafuta ukweli walikuwa wachache. Mutesa alifariki mwaka 1884 bila kubatizwa.

Lakini Mackay alikuwa na karakana. Humo alifua chuma, alichapa kurasa za Maandiko na kuwafundisha vijana kusoma. Wao waliuliza, naye akajibu huku mikono ikifanya kazi. Machi 1882 Waganda watano wa kwanza wa misheni yake walibatizwa. Alipofukuzwa mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, akaendelea kutafsiri Maandiko hadi homa ilipomwua Februari 1890.

Swali la kujadili: Unapobishana na jirani asiyeamini, iwe shambani Kasokola au sokoni Mpanda, unatafuta kushinda hoja au kumpata ndugu? Yeye angejuaje tofauti?