Bwana Nyoka wa Newala

Miongoni mwa vijana wanaotoka shuleni wapo watakaoajiriwa kuwaonyesha wageni wanyama katika mbuga na bustani. Nimeona niwakumbushe C. J. P. Ionides, aliyeishi Newala, jirani na Lisekese yetu.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1901, akaja Tanganyika akiwa ofisa wa jeshi, kisha akawa jangili wa pembe za ndovu. Mwaka 1933 aliingia serikalini, akawa bwana nyama huko Liwale na mmoja wa wajenzi wakubwa wa pori la akiba la Selous. Alipostaafu alihamia Newala kwa ajili ya nyoka wake wengi. Wananchi walimpelekea habari, naye akawapa zawadi. Nyoka wa mitini aliwanasa kwa mti mrefu wenye koleo. Wengi walisafirishwa hai hadi bustani za ng'ambo. Mwenyewe aliumwa mara nyingi. Alifariki Nairobi mwaka 1968, akazikwa Selous.

Mimi mtumishi wa serikali najifunza hili: mgeni hutazama nyoka nyuma ya kioo, lakini safari ile ilianza kwa mkulima aliyejua nyoka yuko mkorosho upi. Kijana atakayesimama mbele ya wageni, kwanza awasikilize wenyeji.