Edward Steere, mwanasheria wa London aliyepanga maneno ya Kiswahili

Wanafunzi wengi wa Bukavu wanaojifunza Kiingereza wanakwama pahali pamoja: kujua aina za maneno. Lipi ni jina, lipi kitenzi, lipi kivumishi? Zaidi ya miaka 150 iliyopita, Mwingereza mmoja alipata shida hiyo kwa upande mwingine. Yeye alijua aina za maneno ya kwao, akatafuta za Kiswahili.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akaacha kazi hiyo na kuwa padri wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1863 alifika Afrika pamoja na Askofu Tozer, upande wa mto Shire. Mwaka uliofuata misioni yao ikahamia Zanzibar. Huko Steere alisikiliza wenyeji na kuandika. Alianzisha pia kazi ya kuchapisha vitabu, na vijana waliokombolewa kutoka utumwani wakajifunza kupanga herufi.

Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Zanzibar. Alikipanga kwa mafungu aliyozoea: majina, vivumishi, viwakilishi, vitenzi na mengine. Lakini Kiswahili hakikuingia chote humo. Kwa Kiingereza, neno good halibadiliki, ikiwa ni mtoto mmoja ao vitabu kumi. Kwa Kiswahili, kivumishi kinafuata jina: mtoto mzuri, vitabu vizuri. Ndiyo maana Steere alipaswa kugawa majina kwa ngeli, nane kwa hesabu yake. Neno the, linalotangulia majina mengi ya Kiingereza, halina mwenzake kwetu. Na kitenzi kimoja tu, nilimwona, Kiingereza kinakifungua kuwa maneno matatu: I saw him. Hapo kuna kiwakilishi, kitenzi, na kiwakilishi tena.

Kwa mwanafunzi, somo ni hili: mbele ya kutafsiri, angalia neno linafanya kazi gani ndani ya sentensi. Water ni jina ukiyanywa; ukimwagilia bustani, neno hilo hilo linakuwa kitenzi.

Steere alifanywa askofu mwaka 1874. Alisimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Alikufa Zanzibar mwaka 1882, akazikwa ndani ya kanisa hilo.

Karibu miaka 50 kisha kifo chake, wakoloni Waingereza walichagua Kiswahili cha Zanzibar kuwa msingi wa Kiswahili cha shule. Tangu hapo, wengi wanafikiri kama Kiswahili cha soko la Kadutu hakina sarufi. Si kweli. Mama muuzaji anayesema batoto bazuri anafanya kivumishi kifuate jina, sawa vile watu wa Zanzibar ambao Steere aliwasikiliza. Mwanafunzi anayejua hivyo ameshaanza kuelewa aina za maneno, hata kabla ya kufungua kitabu cha Kiingereza.