Martinus Beijerinck na Vinundu vya Kunde

Hebu ng'oeni mche mmoja wa kunde. Mizizini mtaona vinundu vidogo vidogo. Wengi hudhani eti ni ugonjwa, kumbe sivyo! Leo nataka niwasimulie maisha ya jamaa aliyetegua kitendawili hicho.

Martinus Beijerinck alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1851. Baba yake alikuwa muuza tumbaku. Mwaka 1886, Hellriegel wa Ujerumani alionyesha kwamba mikunde hupata naitrojeni hewani kwa msaada wa vinundu. Lakini ni nani anayeifanya kazi hiyo mle ndani? Beijerinck, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda cha hamira mjini Delft, alichukua yaliyomo akayakuza juu ya jelatini iliyotiwa maji ya majani ya njegere. Mwaka 1888 akawapata wenyewe: bakteria!

Jamaa huyu hakuoa, na alikuwa mkali hadi wanafunzi wake wakamwogopa. Alifariki mwaka 1931.

Kazi yake haikufa naye. Mwaka 1972, Dixon na Postgate wa Uingereza walihamisha jeni za kunasa naitrojeni kutoka bakteria wa aina moja hadi nyingine. Wanasayansi wanatamani mahindi nayo yajipatie mbolea vivyo hivyo, ila bado. Mkulima asiye na pesa za mbolea ya dukani angali anangoja.

Basi mimi nasema, tupande kunde kati ya mahindi, na tukivuna tuiache mizizi udongoni. Kidogo si haba.