Mama Anapougua, Watoto Wangali Wadogo

Je, ugonjwa mzito umeingia nyumbani mwako? Mkumbuke Zélie Martin wa Alençon, Ufaransa. Desemba 1876 madaktari waliona kuwa uvimbe wa titi lake umechelewa kupasuliwa. Hakumficha mumewe, Louis. Huyo aliziweka kando ndoano zake za kuvulia samaki, akabaki karibu naye. Majuma ya mwisho, jamaa aliwachukua wadogo, Céline na Thérèse, kutwa nzima. Zélie alifariki tarehe 28 Agosti 1877, Thérèse akiwa na miaka 4. Louis akahamia Lisieux ili mabinti wake watano wawe karibu na mjomba wao. Mwaka 2015 wote wawili walitangazwa watakatifu. Nawe, usiubebe mzigo peke yako: mweleze mwenzako, upokee msaada wa ukoo.