Seroney: Mbunge aliyetaka wenyeji waulizwe kwanza kuhusu ardhi yao

WAKAZI wa Kedowa, mji mdogo ulioko kati ya Londiani na Kipkelion katika Kaunti ya Kericho, wanaishi kando ya njia ambayo babu zao hawakuulizwa lolote kuihusu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, ikiwa imekata misitu na malisho ya Wakipsigis bila kikao wala ridhaa. Nyuma ya reli walikuja walowezi, na baada ya uhuru kukaja miradi ya kuwapa watu makazi mapya. Katika kila hatua, ramani ilichorwa kwanza ofisini na mwananchi akapewa habari baadaye.

Siku hizi sheria imegeuza utaratibu huo. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kimeuweka ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inatambua haki ya wakazi kutoa maoni kuhusu namna mji wao unavyoendeshwa, nayo sheria ya upangaji wa matumizi ya ardhi ya 2019 inataka rasimu ya mpango itangazwe ili watu waipime kabla haijapitishwa. Aghalabu vikao hivyo huhudhuriwa na wachache, na wengi huviona kama jambo la kawaida lisilo na uzito.

Hata hivyo, kulikuwa na wakati ambapo kuuliza tu ni nani mwenye haki ya kuamua mustakabali wa ardhi ya chai kulimfikisha mtu mahakamani. Aliyeuliza hivyo alikuwa Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, eneo linalopakana na Kericho ng'ambo ya vilima na misitu. Maisha yake yana mafunzo mawili kwa wakazi wa leo wa Kedowa. La kwanza linahusu ujasiri. La pili, ambalo ni gumu zaidi, linahusu maana ya neno mkazi.

Mwana wa mchungaji

Seroney alizaliwa katika nchi ya Wanandi mwaka wa 1927, mwana wa mchungaji wa kanisa la Africa Inland Mission. Wakati huo, miaka ishirini na miwili tu ilikuwa imepita tangu Koitalel arap Samoei, kiongozi wa upinzani wa Wanandi, auawe na maafisa wa Uingereza Oktoba 1905. Watoto wa kizazi cha Seroney walikua wakisimuliwa na wazee jinsi watu walivyohamishwa na kusukumwa katika eneo la hifadhi, na jinsi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza sehemu ya hifadhi hiyohiyo ilivyomegwa ili wagawiwe askari wazungu waliorudi kutoka vitani.

Hali ilikuwa hivyo pia upande wa Kericho. Baada ya vita hivyo, maelfu ya ekari yalitengewa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa ili walime kitani. Kilimo hicho kilianguka, na katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaanzisha mashamba ya chai ambayo mpaka sasa ndiyo sura ya wilaya hizo za zamani. Mnamo 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Hakuna aliyewaomba maoni.

Kijana Seroney alikuwa na kipaji cha masomo. Alipitia Shule ya Upili ya Alliance na Makerere, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Allahabad nchini India, kisha akaenda London kukamilisha masomo ya uwakili. Aliporejea alikuwa miongoni mwa Wakalenjin wachache mno wa wakati huo waliokuwa na elimu ya kiwango hicho, na siasa zilikuwa zikimngoja.

Ndoto ya majimbo

Mnamo 1961 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwa upande wa chama cha KADU, ambacho viongozi wake walikuwa ni pamoja na Ronald Ngala, Masinde Muliro, Daniel arap Moi na Taaitta Toweett wa Kericho. KADU ilikuwa na hofu moja kubwa: kwamba uhuru ungehamisha tu mamlaka kutoka kwa gavana wa kikoloni hadi kwa ofisi moja jijini Nairobi, na kwamba makabila madogo yangeendelea kusikia habari za ardhi yao kupitia matangazo. Dawa waliyoipendekeza ilikuwa majimbo, yaani serikali za sehemu zenye mabunge yao.

Katiba ya uhuru ya 1963 iliyakubali majimbo, lakini hayakudumu. Novemba 1964 KADU ilijivunja na wanachama wake wakajiunga na KANU. Kenya ilipokuwa jamhuri mwezi uliofuata, mfumo huo ulikuwa tayari unafumuliwa. Wengi wa wenzake Seroney walipata nyadhifa serikalini, na Moi akawa makamu wa rais mwaka wa 1967. Seroney alibaki kwenye viti vya nyuma bungeni, akiuliza maswali ambayo serikali haikupenda kuyajibu.

Swali lake kuu lilikuwa ardhi. Kupitia mpango uliojulikana kama wa ekari milioni moja, serikali ilikuwa ikinunua mashamba ya walowezi kwa mikopo kutoka nje na kuyagawa kwa wakulima Waafrika, ambao walitakiwa kulipa deni hilo. Mashamba mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya watu waliochanga fedha. Kwa wengi waliotoka katika wilaya zilizojaa, mpango huo ulikuwa mlango wa kwanza wa kumiliki ardhi. Kwa Wanandi wengi ulikuwa kitendawili: vipi mtu anunue kwa mkopo kile alichopokonywa babu yake bila malipo, tena aje kushindwa bei na mnunuzi mwenye fedha kutoka mbali?

Azimio la 1969

Julai 1969, Seroney aliongoza mkutano mjini Nandi Hills, katikati ya mashamba ya chai. Hapo kulitolewa tamko linalojulikana hadi leo kama Azimio la Nandi Hills. Kwa ufupi, lilidai kwamba ardhi yote ya Wilaya ya Nandi, yakiwemo mashamba makubwa ya chai na yale yaliyonunuliwa na watu kutoka nje, ni mali ya Wanandi, na kwamba wengine waliomo humo ni wapangaji ambao kukaa kwao kunategemea hiari ya wenyeji.

Serikali ilikasirika. Seroney alishtakiwa kwa uchochezi, akapatikana na hatia na kutozwa faini. Lakini katika uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo wapiga kura walimrudisha bungeni, na wakafanya hivyo tena mwaka wa 1974. Wananchi waliona kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyethubutu kusema hadharani kile kilichonong'onwa kila kijiji.

Februari 1975 wabunge walimchagua kuwa naibu spika, jambo ambalo halikuwafurahisha wakuu wa serikali. Mwezi uliofuata mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J. M. Kariuki, aliuawa, na Bunge likawa mahali pa joto kali. Oktoba mwaka huo, Martin Shikuku alidai katika kikao kwamba kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyokwisha kuiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, Seroney, aliyekuwa kitini, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye polisi waliingia katika majengo ya Bunge na kuwakamata wote wawili. Waliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka.

Ni vyema kuelewa uzito wa uamuzi huo. Chama kilichotawala kilikuwa kimeacha kuwasikiliza wanachama wake huko mashinani. Bunge lilikuwa jukwaa la mwisho ambapo sauti ya kijiji ingeweza kufika Nairobi. Kwa kukubali kwamba chama kilikuwa kimekufa, naibu spika alikuwa anakiri kwamba mwananchi hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Seroney alikaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu, hadi Rais Moi, mwenzake wa zamani wa KADU, alipowaachilia wafungwa wa kisiasa Desemba 1978. Alijaribu kurudi bungeni mwaka wa 1979, lakini kiti cha Tinderet kilichukuliwa na Henry Kosgey. Alifariki mwaka wa 1982.

Palipokosekana jibu

Haingekuwa haki kumsifu Seroney bila kupima azimio lake. Swali alilouliza lilikuwa sahihi: ni nani anayeamua hatima ya mahali, anayeishi hapo au anayetia sahihi mbali? Jibu la azimio ndilo lililokuwa na kasoro. Badala ya kusema kwamba kila anayeishi mahali na kupafanyia kazi awe na usemi, lilisema usemi ni wa kabila moja, na waliobaki ni wageni. Mchumaji chai aliyezaliwa kambini na mkulima aliyelipa deni la shamba lake kwa miaka mingi waliwekwa fungu moja na kampuni ya kigeni.

Fikra hiyo haikufa na mwenyewe. Oktoba 1991, miaka tisa baada ya mauti yake, mzozo kuhusu umiliki wa shamba la Meteitei, katika Tinderet hiyohiyo, ulizuka kuwa mapigano ya kikabila. Moto huo ulienea Bonde la Ufa. Londiani na Kipkelion, majirani wa Kedowa, zilishuhudia nyumba zikichomwa na watu wakikimbia, na machungu hayo yakarudi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Seroney hakupanga maovu hayo, wala hakuyaona. Lakini waliokuja baada yake walichukua nusu ya hoja yake, ile ya kumtenga jirani, wakaiacha nusu iliyokuwa bora.

La kusikitisha ni kwamba mila za Wanandi na Wakipsigis wenyewe zilikuwa na jibu jingine. Katika jamii zote mbili, ujirani ulisimamiwa na kokwet, baraza la watu wa kijiji lililokutana chini ya mti kuamua kuhusu malisho, mipaka, mito na magomvi. Kokwet haikuwa baraza la ukoo. Watu wa koo mbalimbali walioishi mahali pamoja ndio waliokaa humo, na kilichompa mtu nafasi ya kusema ni kwamba moshi wa nyumba yake ulionekana pale. Ilikuwa na upungufu wake, kwani wanawake na vijana hawakupewa usemi sawa na wazee. Hata hivyo msingi wake ulikuwa makazi, wala si damu.

Msingi huo ndio uliomo katika sheria za leo. Zinataja wakazi, bila kuuliza wametoka wapi. Aidha, Katiba iliunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi na kuipa jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria, na mnamo 2019 tume hiyo ilikubali malalamiko ya Wakipsigis na Watalai kuhusu ardhi waliyopokonywa na wakoloni. Kwa hivyo madai ya Seroney yamegawika mara mbili: dhuluma ya zamani ina mahali pake pa kusikizwa, na mpango wa kesho una pake. Alipoishi yeye, yote mawili yalilazimika kupita katika mdomo wa mbunge mmoja, nao ukafungwa.

Mji kama Kedowa una mambo mengi ya kuamuliwa: soko likae wapi, barabara ipanuliwe upande gani, maji machafu yaelekee wapi, shamba la nani ligawanywe kuwa viwanja na msitu ulindwe vipi. Hayo ni mambo yanayogusa mwenye hatimiliki, mpangaji wa chumba kimoja na mama auzaye viazi kando ya barabara. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mkazi asiyefika kikaoni anamwachia karani achore ramani peke yake, kama ilivyofanyika wakati wa reli. Naye anayefika akidai kwamba jirani yake hana haki ya kuketi pale anarudia kosa lililoiponza Tinderet.

Seroney alilipa faini, akafungwa na kupoteza kiti kwa sababu ya kuuliza swali ambalo mkazi wa leo anaweza kuliuliza bure, mchana, mbele ya afisa wa kaunti. Kilichobaki ni kulikamilisha jibu aliloliacha nusu.