Birkeland na Umeme wa Mbinguni

Nahodha anajua kwamba sindano ya dira huelekea kaskazini. Lakini kaskazini ya mbali, katika nchi ya Norway, ziko siku ambazo sindano hiyo hutikisika kama mtu mwenye homa, na usiku wake mbingu huwaka nuru za kijani na nyekundu. Leo nimependa kuwasimulia wasomaji habari za marehemu Kristian Birkeland, aliyeitafuta sababu yake.

Alizaliwa mwaka 1867 katika mji uitwao sasa Oslo. Mwaka 1899 alipanda mlima Haldde na wasaidizi wake kupima sumaku katikati ya tufani za theluji. Mmoja wao alifukiwa na theluji iliyoporomoka, akafa. Birkeland hakurudi nyuma. Mwaka 1902 aliweka vituo vinne, kuanzia Iceland hadi Novaya Zemlya. Vipimo vikamwonyesha kwamba umeme hutoka nje ya dunia, hushuka kwa njia za sumaku, hupita angani, kisha hupanda tena.

Wakubwa wa elimu hawakumkubali. Hata baada yake, Sydney Chapman wa Uingereza alishikilia kwamba mikondo hiyo huzunguka humu humu angani mwetu.

Birkeland alihamia Misri kuchunguza ule mwanga hafifu utanguliao alfajiri, ambao sisi twauita alfajiri ya uongo. Huko usingizi ulimtoroka, akawa mtu wa dawa. Mwaka 1917 alikutwa amekufa hotelini Tokyo, mwenye umri wa miaka 49.

Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Mwaka 1966 vipimo vya setilaiti ya Marekani vilionyesha dalili za mikondo ile. Na tangu 1981, rada zilizo karibu na Tromsø hupeleka mawimbi juu ya kilometa 100 na zaidi. Mwangwi urudipo huonyesha mwendo wa plazma, yaani hewa iliyojaa umeme. Mara nyingine plazma hiyo hukimbia zaidi ya kilometa moja kwa sekunde, ikisukumwa na nguvu zile zile zishukazo na mikondo.

Mimi siwalaumu waliomuuliza Birkeland maswali, kwani kuuliza ndiyo elimu. Nalaumu ukubwa wa jina kufanywa hoja. Mikondo ile sasa yaitwa kwa jina lake, naye hakuwahi kulisikia likitajwa hivyo.