Rocky Marciano: Mikono Mifupi, Pumzi Ndefu

Wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Najua hawakuwa wakiwazungumzia mabondia, lakini msomaji mpenzi, ukimaliza kuyasoma maisha ya bwana ninayekuletea leo, utakubali kwamba methali hiyo ilimkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake.

Nimeichukua kalamu kwa sababu moja tu. Vijana wengi hapa shuleni wanaopenda ndondi huamini ati bondia ni mikono. Jioni tukitoka shule utawakuta katika ukumbi wa mtaani wakilitwanga gunia kwa fujo. Dakika mbili hazijaisha, mikono imeshuka, vinywa viko wazi, wanahema kama watu waliofukuzwa na nyuki. Siwacheki. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Rocco Francis Marchegiano. Alizaliwa tarehe 1 Septemba 1923 katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia, na baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha viatu. Akiwa bado mtoto mdogo, nimonia nusura imwue. Nani angedhani kwamba kifua kile kilichokuwa kikikoroma kwa ugonjwa ndicho kitakachokuja kuwashinda wanaume wa uzani mzito?

Rocky aliacha shule mapema akafanya kazi za sulubu hapa na pale. Ndoto yake ilikuwa besiboli, wala si ndondi. Mwaka 1943 aliandikishwa jeshini, na huko ndiko alikoanza kurushiana ngumi na wenzake.

Sasa sikiliza kisa kilichomgeuza. Mwaka 1946, akiwa likizoni kutoka jeshini, alikubali kupigana pambano la ridhaa hapo mjini kwao Brockton. Alikuwa amenenepa na hakuwa amefanya mazoezi ya maana. Alianza kwa kishindo, lakini muda si muda pumzi ikamkauka. Miguu ikawa mizito, mikono ikakataa kuinuka. Kwa kuchanganyikiwa akamgonga mpinzani wake kwa goti pasipostahili. Refa akamfukuza ulingoni, naye akaondoka na aibu mbele ya watu wa mtaa wake. Kumbe aibu nayo ni mwalimu! Tangu siku hiyo aliazimia kuwa hatapanda tena ulingoni mwili wake ukiwa haujawa tayari.

Mwaka 1947 alijaribu bahati yake katika besiboli akarudishwa nyumbani. Basi akazama katika ndondi mzima mzima. Yeye na rafiki yake Allie Colombo walikuwa wakiomba lifti kwenye malori hadi New York ili afundishwe na mzee mmoja mfupi aliyeitwa Charley Goldman. Mzee huyu aliwahi kuwa bondia ujanani mwake, na alikuwa amekwisha kuwafunza mabingwa wengine.

Goldman alipomtazama Rocky, aliona mtihani. Kijana alikuwa anaelekea miaka 25, umri ambao wengine wamekwisha kukomaa katika kazi hiyo. Kimo chake kilikuwa kama futi 5 na inchi 10 tu, na mikono yake ilikuwa mifupi mno kwa bondia wa uzani mzito. Miguu yake ilikuwa ikipishana vibaya hata Goldman akaifunga kwa kamba wakati wa mazoezi, ajifunze kusimama. Kocha mwingine angemwambia aende zake akatafute kazi kiwandani.

Hapa ndipo ninapouona ubora wa mkufunzi. Goldman hakujaribu kumfanya Rocky awe mrefu, wala kumfundisha kucheza kama mabondia warefu wanavyocheza. Alimfundisha kuinama zaidi! Aliinama, akapenya chini ya ngumi za mpinzani, akaingia karibu ambapo mikono mifupi ina faida. Lakini kupigana umeinama raundi nyingi si mchezo. Mapaja yanawaka moto, mgongo unalia. Kwa hivyo mbinu ile ingekuwa bure bila mwili ulioandaliwa kuibeba.

Mwili huo Rocky aliutengeneza kwa jasho. Alikimbia maili nyingi, hata wakati ambapo hakuwa na pambano karibu. Alipiga gunia zito kuliko la kawaida. Aliingia katika bwawa la kuogelea, maji yakamfika shingoni, kisha akarusha ngumi humo ndani ya maji. Jaribu siku moja uone vile maji yanavyokuzuia. Pambano kubwa likikaribia, alihamia kambini milimani Catskills, akaiacha familia yake kwa majuma mengi, akala na kulala kwa ratiba.

Kwa nini mambo haya yana maana? Nguvu ya ngumi haianzii mkononi. Huanzia kwenye unyayo unaosukuma ardhi, ikapanda pajani, ikazunguka kiunoni, ikapita begani, ndipo ikafika kwenye ngumi. Mkono ni mlango wa kutokea tu. Tena pumzi ikiisha, mikono hushuka, na mikono ikishuka kidevu hubaki bila mlinzi. Kwa hivyo mbio za alfajiri ni ngao vilevile, si silaha peke yake.

Matunda yalionekana. Tarehe 26 Oktoba 1951, katika Madison Square Garden, alimwangusha Joe Louis katika raundi ya 8. Louis alikuwa bingwa wa zamani, umri wa miaka 37, na jua lake lilikuwa limekwisha kuchwa.

Halafu ikafika tarehe 23 Septemba 1952 mjini Philadelphia. Rocky alikutana na bingwa wa dunia, Jersey Joe Walcott. Katika raundi ya kwanza tu alipigwa akaanguka sakafuni, jambo ambalo halijawahi kumpata. Aliinuka. Raundi zikapita 12, yaani dakika 36 za makonde, na kadi zote tatu za pointi zilikuwa zimempa Walcott pointi nyingi zaidi. Raundi ya 13 Rocky akatoa konde fupi la mkono wa kulia, Walcott akalala. Konde lile lilisifiwa dunia nzima. Mimi nasifu miguu iliyolifikisha hadi raundi ya 13.

Mwaka 1954 Ezzard Charles alimpasua pua vibaya, damu ikamwagika na pambano likawa hatarini kusimamishwa. Rocky alimmaliza Charles raundi ya 8. Tarehe 27 Aprili 1956 alistaafu akiwa ameshinda mapambano yote 49, na 43 kati ya hayo kwa kumwangusha mpinzani.

Lakini nisiwe kama mtu anayesifu mvua huku nyumba ya jirani imebomoka. Mwezi wa Desemba 1949, Rocky alimpiga kijana aitwaye Carmine Vingo hata akapoteza fahamu na kuwa mahututi. Vingo alipona, lakini hakupigana tena. Mazoezi humpa bondia pumzi na miguu. Hayatengenezi ubongo wa chuma. Ndiyo maana mkufunzi mwema hufundisha pia siku ya kupumzika na siku ya kusema basi.

Rocky alikufa katika ajali ya ndege ndogo huko Iowa tarehe 31 Agosti 1969. Siku iliyofuata angetimiza miaka 46.

Wenzangu wa ukumbini, hatuna bwawa wala kambi milimani. Lakini barabara tunayo, tena wengi wetu huja shuleni kwa miguu kila asubuhi. Tuanze na hiyo. Na kama yupo mwalimu anayesoma ukurasa huu, tunaomba mtu wa kutusimamia, atupimie mazoezi na mapumziko kabla hatujapewa glavu. Rocky aliaibika mara moja kwa kukosa maandalizi, akajifunza. Sisi tukisubiri kuaibika, huenda mmoja wetu asipate nafasi ya kujifunza.